Nguvu za Misuli Hazipimwi kwa Mizani

Mtu mzima mwenye unene wa kupindukia aghalabu huhimizwa jambo moja tu: apunguze uzani. Ushauri huo una upungufu. Anayejinyima chakula pasipo mazoezi hupoteza mafuta pamoja na misuli, ilhali ni misuli hiyo imwinuayo kitini na kumpandisha ngazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma.

Hapa ndipo yoga inapofaa. Haihitaji vyuma, mwili wenyewe ndio mzigo. Kukunja magoti nusu na kutulia hivyo kwa pumzi kadhaa huyatwisha mapaja kazi kubwa, na anayeyumba hushika kiti au ukuta.

Ni kweli kwamba yoga pekee haipunguzi unene upesi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hata uzani usiposhuka, aliyeanza kuinuka bila kushikwa mkono amekwisha kupiga hatua. Wakufunzi nao wawapokee wanene pasipo kejeli, kwani kicheko kimoja hutosha kumrudisha mtu nyumbani asionekane tena.