Batri ikikufa kila asubuhi: tupime kwanza, kiisha tununue



Katika koperative mingi tunazotembelea iko gari moja tu ya kubeba mazao, na ile gari inasukumwa. Asubuhi shofere anazungusha ufunguo, demareri inalia "tak", kiisha kimya. Vijana wanaitwa, gari inashuka mteremko, inawaka. Wiki mbili mbele, kamati inatoa pesa katika sanduku na kununua batri mpya. Miezi mitatu mbele, vijana wanaitwa tena.

Maoni yetu ni haya: koperative isinunue tena batri yoyote mbele ya kupima ile iliyopo. Mara nyingi ugonjwa uko pahali pengine ndani ya gari, na batri mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule.

Hasara si ya batri peke yake. Wenye kulima kahawa wanajua: kahawa nyekundu ikishachumwa inapaswa kufika kwenye mashine ya kumenya siku ile ile. Ikilala ndani ya mifuko inachacha, ladha inaharibika, bei inashuka. Muhogo mbichi nao, siku mbili ao tatu, unaanza kuharibika ndani. Na iko hasara ingine ambayo haiandikwe katika daftari. Batri mpya ikikufa, watu wanaanza kusema shofere aliuza ile mpya na kuweka ya zamani, ao kamati ilikula pesa. Hakuna aliyepima, basi kila mtu anasema yake. Koperative inaweza kuvunjika juu ya maneno ya namna hii.

Katika shamba hatufanyi hivyo. Majani ya mgomba yakigeuka manjano, hatumwagi mbolea tu. Tunakata, tunatazama kama usaha unatoka, juu kama ni ugonjwa wa kunyauka, mbolea haitasaidia kitu. Kwa gari tufanye vilevile.

Batri iko kama ghala ya mahindi. Ghala ikiwa tupu kila mara, kwa kawaida sababu ni tatu: ghala yenyewe imetoboka, mavuno hayaingii, ao iko mtu anayechota usiku. Multimetre moja ndogo, ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko ya batri, inajibu maulizo yote matatu.

Mbele ya yote, tazama vichwa vya batri. Kama iko unga mweupe ao wa kijani, ao kable inachezacheza, safisha kwa maji yenye bikarbonate, kausha, kaza. Mara ingine shida inaishia hapo.

Ulizo la kwanza: ghala imetoboka? Jaza batri kwa sharja, toa kable, iache ilale usiku mzima, kiisha pima. Volti 12,6 maana yake imejaa. 12,2 ni karibu nusu. Chini ya 12 ni karibu tupu. Kama ilijazwa vizuri na imeshuka yenyewe bila kable, basi batri ndiyo mgonjwa. Pima tena wakati demareri inazunguka: ikianguka chini ya 9,6 hali ilikuwa imejaa, nguvu yake imekwisha.

Ulizo la pili: mavuno yanaingia? Washa moteri, pima kwenye batri. Inapaswa kuonyesha kati ya 13,8 na 14,4. Ikibaki kwenye 12, alternateri haileti kitu: tazama mkanda wake, waya zake, kiisha alternateri yenyewe. Ikipita 15, inaleta kupita kiasi na inapika batri. Hapa ndipo pesa mingi inapotea, juu hata ukiweka batri mpya kabisa, itakufa.

Ulizo la tatu: nani anachota usiku? Zima yote, funga milango, toa kable ya kutoa (−). Weka multimetre kati ya kable ile na batri, kwenye tundu la ampere 10. Ngoja nusu saa. Ikipita ampere 0,05, iko kitu kinakula. Msidharau namba ndogo: ampere 0,5 inakula ampere-saa 12 kwa siku moja. Batri ya ampere-saa 60, siku mbili na nusu, imebaki nusu. Toa fuzible moja moja. Ile ambayo ukiitoa namba inashuka, fuata waya yake. Utakuta taa ndogo ya ndani, ao radio iliyofungwa ovyo. Kama hakuna fuzible inayobadilisha kitu, fundi apime alternateri, juu nayo ikiharibika ndani inaweza kukula batri usiku. Na hapana kuzungusha ufunguo wakati multimetre iko pale: itaungua.

Tuseme wazi pia juu ya simu. Batri ya gari ilitengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, si kushajisha simu za kijiji usiku mzima wala kupigisha muziki kwenye matanga. Kila mara inapoisha kabisa inazeeka, na ikiachwa tupu siku mingi, plati zake zinashika ugumu ambao haurudi nyuma. Kama memba wanahitaji kushajisha, koperative itafute paneli ya jua na batri yake yenyewe.

Wenye kufanya kazi hii waangalie: moto na sigara viwe mbali, juu batri inatoa gazi inayolipuka. Asidi inaunguza macho. Unapofungua, anza na kable ya kutoa. Maji ya kuongeza ni yale ya batri tu, si ya chemchemi.

Iko wanaosema: "Sisi ni wakulima, hiyo ni kazi ya garaji." Lakini mnunuzi wa kahawa akija na mizani yake, si tunaleta na yetu? Hatumtukani, tunataka namba zikutane. Fundi mzuri hatakasirika akiombwa kuonyesha volti. Na kweli, batri zinazeeka. Ikifikia miaka mitatu, mine, ao mitano, inaweza kuwa imekwisha kwa haki. Basi tununue bila majuto, lakini namba ziwe zimeandikwa.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative yenye gari iweke mambo matatu kwenye mkutano mkuu unaokuja. Moja: kununua multimetre, na kuchagua watu wawili, shofere na memba mmoja, wajifunze kuitumia. Mbili: daftari ibaki ndani ya gari, na kila Jumatatu asubuhi, mbele ya kuwasha, volti ziandikwe. Tatu: hakuna pesa ya batri inayotoka bila zile namba, na hakuna shofere anayeshitakiwa bila zile namba.