Mvua ya Insha na Mvua ya Shambani

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi wetu anaijua mvua yao. Haihitaji kuombewa. Huja katika aya ya kwanza, ikitanguliwa na ngurumo na radi, ikanyesha kidindia hadi mtungaji apate nafasi ya kumwingiza mhusika wake. Kisha hukatika ghafla, jua likachomoza, na ndege wakaanza kuwatumbuiza walimwengu kwa sauti nyororo. Mvua hiyo haimwoteshei mtu mahindi wala haimbomolei mtu nyumba. Ni pambo, na mwalimu hulipa pambo hilo alama zake.

Ajabu ni kwamba watoto wanaoiandika wameiona mvua nyingine kabisa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita kaskazini na mashariki mwa nchi yetu bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa kwa wingi na wenyewe wakabaki na fimbo mikononi. Kabla majonzi hayo hayajapoa, mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko, nayo yakarejea katika masika ya 2024. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili mwaka huo, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalifumuka, yakateremka bondeni Mai Mahiu na kuwazoa makumi ya watu, wengine wakiwa usingizini.

Mwanafunzi wa Wajir au wa Mai Mahiu anapoketi kuandika insha, huyaweka kando yote aliyoyashuhudia, akaazima ndege wa kitabuni. Hafanyi hivyo kwa uvivu. Tumemfundisha kwamba maumbile ni mavazi ya lugha, na kwamba lugha tamu ni ile isiyogusa maisha ya mtu yeyote.

Wala Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Wahenga wa pwani walituachia kiangazi na masika, kipupwe na vuli, kaskazi na kusi. Kila jina lilikuwa mfano wa mapatano baina ya watu na mbingu: mkulima alijua lini afyeke shamba, na nahodha alijua lini atweke tanga. Masika yanapokuja bila mvua, au vuli inapozamisha vijiji, neno lenyewe hutikisika. Tunawakaririsha wanafunzi kwamba dalili ya mvua ni mawingu, ilhali mfugaji aliyeyatazama mawingu yakimpita misimu mitano ana swali la kuiuliza methali hiyo. Nani atamuulizia, ikiwa si fasihi?

Mwandishi wa India, Amitav Ghosh, katika kitabu chake The Great Derangement cha mwaka 2016, aliishutumu riwaya ya kisasa kwa kulifumbia macho badiliko la tabianchi. Je, shutuma hiyo inatuhusu? Kwa kiasi kikubwa, naam. Riwaya zetu hazikosi miti, samaki wala pepo, ila mara nyingi hivyo vyote ni mafumbo ya mambo mengine. Mti ulio katika anwani ya Dunia Mti Mkavu (1980) ya Said Ahmed Mohamed ni mti wa msemo. Kidagaa cha Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya hayati Ken Walibora, ni dhuluma zilizomwozea mtawala mkononi, wala msomaji hatarajiwi kuuliza habari za maji alimovuliwa samaki huyo. Siwalaumu waandishi hao. Udhalimu wa mwajiri na wa mtawala ndio uliowakereketa, nao waliushughulikia kwa ustadi mkubwa. Nasema tu kwamba mti ukitumiwa siku zote kama fumbo, siku unapokatwa hatuusikii ukianguka.

Hata hivyo, tunayo kazi moja ambayo maelfu ya wanafunzi wa sekondari wameisoma, na ambamo msitu ni msitu kweli. Nayo ni Chozi la Heri (2017) ya Assumpta K. Matei. Humo yumo Lunga, mtaalamu wa kilimo ambaye tangu shuleni alikuwa akiwahutubia wenzake juu ya kuyatunza mazingira. Anaachishwa kazi kwa kupinga wananchi wasiuziwe mahindi yenye madhara. Akiwa na watoto wa kulisha na hana mshahara, anakwenda kuishi katika Msitu wa Mamba, naye analima palipokuwa na miti, mpaka serikali inapowaondoa wakazi wa msitu huo. Mtetezi wa miti ameishia kuwa mmoja wa wale walioimaliza.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya kubuni ikifanya jambo lisilowezwa na taarifa ya wizara. Mfano wa mambo hayo katika maisha halisi hauko mbali. Msitu wa Mau ni chimbuko la mito kadhaa, ukiwemo Mara, Sondu na Njoro, nayo misafara ya watu walioondolewa humo tuliiona mwaka 2009, tukaiona tena mwaka 2018 na 2019. Waogiek, wenyeji wa msitu huo tangu jadi, walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakashinda kesi yao mwaka 2017. Taarifa rasmi hutuhesabia hekta zilizofyekwa na familia zilizoondoka. Riwaya humchukua mtu mmoja, ikatuonyesha njia aliyopitia kutoka mkutano wa kupanda miti hadi kwenye shoka. Asiyeijua njia hiyo ataendelea kupanda miche kila msimu, na kushangaa kila mwaka kwa nini msitu haurudi.

Lakini tazama tulivyoifanyia riwaya hiyo darasani ilipokuwa ikitahiniwa. Swali liliuliza jinsi maudhui ya uharibifu wa mazingira yalivyoshughulikiwa. Mtahiniwa alijibu kwa hoja: moja, mbili, tatu. Lunga aliorodheshwa miongoni mwa watetezi wa mazingira, kisha akaorodheshwa tena miongoni mwa waharibifu, na kila orodha ikapata alama zake. Hakuna aliyeuliza jinsi mtu mmoja alivyofika katika orodha zote mbili, ingawa hilo ndilo swali ambalo riwaya ilikuwa ikituuliza muda wote.

Wapo watakaosema kwamba fasihi haipaswi kugeuzwa kuwa idara ya utabiri wa hali ya hewa, na kwamba hadithi inayohubiri upandaji miti haina tofauti na bango la barabarani. Nakubaliana nao kabisa. Hadithi ya namna hiyo ni mbovu kama mvua ya insha, kwa kuwa zote mbili hazina mtu ndani yake. Ninachokitaka ni hadithi ambamo ukame unavunja uchumba, ambamo ziwa lililofurika linameza kaburi la babu na kuwaacha ndugu wakigombania ardhi iliyosalia. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Baringo, waliouona ufuo ukihama na kuyafuata majumba yao, wanayo mikasa ya kutosha. Ni waandishi tu ndio wamechelewa kufika.

Ndugu zangu walimu, waandishi hao tunao madarasani sasa hivi. Tuwaombe waandike mvua ya kwao: ilikuja mwezi gani, ilimkuta nani shambani, na mbegu zilipooza ni kitu gani kiliuzwa ili zinunuliwe nyingine. Tamathali wazitumie, lakini zitokane na walichokiona. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba tajiriba ya kijijini kwenu haina hadhi ya kuingia katika Kiswahili sanifu. Lugha hii ilikuzwa na mabaharia na wakulima waliotazama mbingu kwa makini kwa sababu uhai wao uliitegemea.

Na atakapotokea mtoto akaandika kwamba mvua ilichelewa, mama yake akapanda mara mbili, na dada yake akaacha shule kwa kukosa karo, mwalimu asimkate alama kwa kuwa ndege hawakuimba.