RIZIKI YA JAANI ISIGUSWE



Wako watu wenye nafasi zao wasemao kwamba waokota taka ni fedheha ya mji, na kwamba yafaa wafukuzwe, kazi ipewe kampuni yenye magari. Twauliza: fedheha ni ya nani? Ya anayetupa, au ya anayeinama akakiokota kitu kingali na thamani yake?

Nendeni jaani Kibele mkatazame. Chupa za maji walizonywea wageni mahotelini hubinywa, hutiwa guniani, zikauzwa kwa uzito. Makopo ya soda yana bei yake, chuma chakavu kina yake, na nyaya za shaba ndizo azizi kuliko vyote. Mimi ni mtu wa duka, mzani naujua. Na nasema kuwa mtu awezaye kuzitenga aina hizo kwa kuzigusa tu, huyo ni mfanyabiashara mwenzangu, ila hana duka.

Wanaotaka kumfukuza na waitazame Misri. Mjini Kairo wako watu waitwao zabbalin, ambao tangu miaka ya 1940 huchukua taka mlango kwa mlango na kuzichambua kwa mikono majumbani mwao. Hukadiriwa kuwa katika kila mia ya walichokusanya, kiasi cha 80 hurejea kutumika. Mwaka 2003 Serikali yao ikayaleta makampuni ya Hispania na Italia kwa mikataba ya miaka 15, nayo yakatakiwa kurejesha 20 tu katika mia! Raia aliyezoea kuchukuliwa taka mlangoni akaambiwa azibebe mwenyewe hadi pipani. Kisha mwaka 2009, kwa khofu ya mafua, wakachinjwa nguruwe waliokuwa wakila mabaki ya vyakula. Nguruwe si mnyama wetu, lakini hesabu ni hesabu: mabaki yale yalirundikana yakaoza njiani.

Kolombia walifanya insafu. Mahakama yao ya Katiba iliamua mwaka 2003 kwamba waokotaji wasifungiwe mlango wa zabuni, na mwaka 2013 mji wa Bogotá ukaanza kuwalipa kwa uzito wa walichokusanya.

Basi wawakilishi wetu, kabla mkataba wowote wa taka haujatiwa saini, na waulize: waokotaji wametajwa katika sharti gani? Nani atawapa glavu na viatu? Watalipwa kiasi gani kwa kilo? Wakijibiwa kwamba hawakutajwa, wasimame siku ile ile waupinge.