Waraka wa wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Malaysia kuhusu uvumi wa ndege MH370

Mheshimiwa Waziri,

Huenda ukajiuliza gazeti la Kiswahili lina hisa gani katika ndege iliyoruka Kuala Lumpur kwenda Beijing usiku wa kuamkia 8 Machi 2014, ikiwa na watu 239. Hisa yetu ililetwa na bahari. Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa kisiwani Pemba, na Septemba mwaka huohuo kikathibitishwa kuwa ni cha ndege hiyo. Kabla yake vipande vingine vilikuwa vimefika Réunion, Msumbiji, Afrika Kusini na Mauritius. Tangu hapo MH370 inazungumzwa barazani kwetu kama habari ya jirani, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ni uzushi. Ndiyo sababu ya waraka huu.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuhusu ndege hii yamesemwa mengi ambayo hayakuwapo, na miaka yote hii hayajaja. Ilisemwa imetua kwa siri Diego Garcia. Ikasemwa imefichwa Kazakhstan. Mganga alitinga uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur na nazi zake kuitafuta mbele ya kamera. Vijana wawili wa Iran waliopanda kwa pasipoti za wizi waliitwa magaidi, hadi polisi wa nchi yako na Interpol waliposema kwamba hawakuona dalili ya ugaidi. Walikuwa wanatafuta maisha Ulaya, na mmoja wao alikuwa akisubiriwa na mama yake Frankfurt. Mama huyo alipoteza mtoto, kisha akamsikia mtoto huyo akitukanwa dunia nzima. Tunakuomba, Mheshimiwa, wizara yako itoe tamko moja la kudumu, kwa lugha nyepesi, likitaja madai gani yamechunguzwa na kuonekana hayana msingi. Je, kuna kizuizi gani?

Ni rahisi kusema kwamba watu wanapenda umbea. Lakini ripoti ya wachunguzi wenu wenyewe, iliyotolewa Julai 2018, inaonyesha kwamba habari ya kwanza ya uongo kuhusu ndege hii ilitoka ndani, tena kabla umma haujajua lolote. Saa nane usiku, ndege ikiwa imeshatoweka kwenye rada za kiraia, shirika la ndege liliwaambia waongozaji wa ndege kwamba iko anga ya Kambodia. Kumbe yalikuwa makadirio ya kompyuta, ikichora njia ambayo ndege ingepaswa kuifuata. Hayo yalikuja kusahihishwa saa tisa na nusu. Baadaye meli na ndege za nchi nyingi zilipekua Bahari ya Kusini ya China kwa wiki nzima, wakati rada ya jeshi lenu ilikuwa imenasa alama iliyogeuka na kurudi magharibi, ikakatiza rasi hadi Mlango wa Malaka. Hata maneno ya mwisho yaliyosikika kutoka kwa marubani yalitangazwa hivi, na mwisho wa Machi yakarekebishwa yakawa vile. Mtu aliyeyashuhudia hayo akianza kushuku kila anachoambiwa, kosa lake ni lipi? Familia zimekuwa zikidai kumbukumbu za rada ya jeshi kwa ukamilifu wake. Tunaomba zikabidhiwe kwa wataalamu huru wazipitie. Kama haiwezekani, tupewe sababu inayoeleweka.

Jambo la tatu linawahusu wafiwa. Tarehe 24 Machi 2014, Waziri Mkuu wa wakati huo alipotangaza kwamba safari ya ndege iliishia kusini mwa Bahari ya Hindi, baadhi ya jamaa walipata habari hiyo kwa ujumbe wa simu ulioandikwa kwa Kiingereza. Abiria zaidi ya 150 walikuwa Wachina. Kwetu pwani habari ya msiba hupelekwa na mtu mzima, anayeketi kwanza, akaangalia nani yupo nyumbani, ndipo akasema. Tunajua pia uchungu wa kukosa maiti. MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wengi hawakuonekana tena, na zipo nyumba zilizoshindwa kujua lini waanue tanga. Aliye katika hali hiyo humsikiliza yeyote anayemwambia kwamba mtu wake yu hai mahali fulani. Tunaomba kuanzia sasa kila taarifa iwafikie wafiwa kwanza, kwa lugha yao na kwa sauti ya mtu, kabla waandishi hatujaitwa. Utatuhakikishia hilo?

La nne ni heshima ya marubani. Ripoti ya 2018 ilisema haikuweza kubaini sababu ya ndege kupotea. Ilisema kugeuka kwa ndege hakukuelekea kusababishwa na hitilafu ya mitambo, na kwamba uwezekano wa mtu mwingine kuingilia hauwezi kuondolewa. Kuhusu rubani mkuu, haikuona badiliko la tabia lililotia shaka. Pamoja na hayo, vitabu na filamu vimeshamhukumu, na mkewe na watoto wake wanaishi na hukumu hiyo. Hatukuombi umsafishe kwa ushahidi usiokuwepo. Tunaomba kila mara wizara inapoizungumzia MH370 irudie kile ambacho ripoti ilisema na kile ambacho haikusema, ili asiyehukumiwa na ushahidi asihukumiwe na filamu.

La tano ni msako wenyewe. Kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari zilipekuliwa hadi kazi iliposimamishwa Januari 2017. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ikapekua nyingine zaidi ya 112,000, ikatoka mikono mitupu. Machi 2025 serikali yako ilikubaliana na kampuni hiyo eneo jipya la kilomita za mraba 15,000, kwa malipo ya dola milioni 70 za Marekani iwapo tu mabaki yatapatikana. Mkataba wa namna hiyo unalinda hazina, na hatuna ugomvi nao. Hofu yetu ni ukimya. Kampuni isiyolipwa mpaka ipate haina sababu kubwa ya kutueleza ilipokosa, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwenu. Australia iliweka hadharani ramani za sakafu ya bahari ilizozipata katika msako wake. Tunaomba nanyi mchapishe maeneo yaliyopekuliwa na yaliyobaki, kwa tarehe zinazojulikana, hata pale ambapo hakuna kilichoonekana.

La mwisho ni letu hasa. Kile kipande cha Pemba kilikuwa sehemu ya flapu, bawa dogo linaloteremshwa nyuma ya bawa kubwa ndege inapotua. Kilikuwa na mhuri wa tarehe ya Januari 2002, na ndege hiyo ilikabidhiwa kwa shirika Mei mwaka huohuo. Wachunguzi walipokipima waliona kuwa yaelekea flapu ilikuwa haijateremshwa, jambo linalodhoofisha dhana kwamba ndege iliteremshwa majini taratibu. Tazama kipande kimoja kilivyosema. Sasa fikiria wavuvi wa Kojani wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, kutoka Pemba hadi Mafia na Kenya: wangapi wamepita juu ya vipande vya namna hiyo wakidhani ni takataka, au wakaezekea banda? Desemba 2016 jamaa wa abiria walilazimika kwenda wenyewe Madagaska kuzunguka fukweni wakitafuta. Tunaomba wizara yako, kwa kushirikiana na mamlaka za nchi zetu, isambaze karatasi yenye picha kwa Kiswahili, Kireno, Kimalagasi na Kifaransa, ikieleza kipande kinafananaje, kishughulikiwe vipi na nani apigiwe simu. Gazeti hili liko tayari kuichapisha bila malipo.

Mheshimiwa, hatudai utuambie ndege iko wapi ikiwa hujui. Neno "hatujui" likisemwa mapema na kwa uwazi, tutalipokea. Tumetaja maombi sita, na kila moja linajibika kwa ndiyo, hapana, au sababu. Majibu yako tutayachapa ukurasa wa mbele kama yatakavyokuja, bila kupunguza neno. Na yasipokuja, wasomaji wetu watatuuliza, nasi tutawaambia kwamba tulikuandikia.

Wasalaam,

Mhariri