Kazi Tulifanya, Karatasi Iko Wapi?

Vijana wenzetu, leo hatuleti pole wala hongera. Leo tunataka kugombana kidogo, na sisi wenyewe tumo kwenye ugomvi.

Juzi tulikusanya CV za wenzetu kumi na wanne hapa Muganza, wale wanaotafuta kazi kuanzia Bugarama mpaka Kamembe. Tukazitandaza mezani, tukazisoma zote. Jamani! Kumi na moja zilikuwa CV moja. Juu picha, pembeni mstari wa bluu, halafu maneno yale yale: mtu mwenye bidii, mwenye nidhamu, anaweza kufanya kazi chini ya presha, anapenda kusoma na kuangalia mpira. Mmoja wao hapendi mpira hata kidogo, tunamjua. Kumbe wote walipita kwenye duka moja la fotokopi. Kijana wa pale anafungua CV ya mteja wa jana, anafuta jina, anaandika lingine, anasema, "Iko bien hii, weka tu." Faranga 1,000. Kwenye CV mbili alisahau kubadilisha hata namba ya simu. Yaani bosi akipiga, anapokea mtu mwingine!

Tulicheka sana, halafu tukanyamaza. Mtu wa ofisi ambaye ako na rundo la karatasi mezani, atamwona nani kati ya kumi na moja zinazofanana? Si lazima awe ametuchukia. Hajatuona tu.

Lakini CV iliyotuuma zaidi haikutoka dukani. Aliiandika dada mmoja kwa mkono wake. Huyu dada alikuwa mkalimani kambini miaka miwili. Watu wakifika usiku, wamelowa, watoto wanalia, yeye ndo alikuwa anakaa kati yao na mwandikishaji. Kiswahili, Kifuliru, Kifaransa, Kinyarwanda, zote zinapita kinywani mwake mpaka asubuhi. Kwenye CV yake aliandika hivi: "2022–2024: Kujitolea." Basi. Miaka miwili, neno moja.

Tukamuuliza, dada, ulikuwa unafanya nini hasa? Akaongea nusu saa. Aliandikisha familia. Alitafsiri mbele ya daktari na mbele ya polisi, na mambo aliyoyasikia kule hajamwambia hata mama yake. Alifundisha wakalimani wapya watatu. Tukamwambia, hayo ndo CV yako! Yeye akajibu, "Lakini si walisema ni kujitolea tu?"

Hapo ndo ugomvi wetu unapoanza. Hilo neno hakulichagua yeye. Kuanzia Kakuma na Dadaab kule Kenya mpaka kwenye kambi za huku kwetu, mkimbizi anayetumikia shirika mara nyingi haitwi mfanyakazi. Anaitwa mtu wa kujitolea, anapewa insentivu. Ana saa ya kuingia, ana mkubwa wake, ana ripoti ya kila wiki, akichelewa anagombezwa kama mfanyakazi kamili. Siku ya kuondoka ndo anakumbushwa kwamba hakuwa mfanyakazi. Dada yetu aliomba barua ya kuthibitisha kwamba alitumika pale. Akaambiwa watu wa kujitolea hawapewi barua. Shirika hatulitaji jina. Tunachotaja ni kwamba miezi michache baadaye lilileta semina ya kuandika CV, na projekta, na soda, na mwalimu akasimama mbele yetu akasema, "Waonyesheni waajiri uzoefu wenu."

Uzoefu upi, mheshimiwa? Ule mliotunyima karatasi yake?

Tunasema wazi: anayetaka kutusaidia na CV, semina iwe ya mwisho. Aanze kwa kutupa barua ya nusu ukurasa. Iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la kazi yenyewe, mambo tuliyofanya, na simu ya mtu ambaye akipigiwa atapokea. Muhuri chini. Haihitaji bajeti.

Na sisi tusijifiche nyuma ya kosa la wengine. Kuna ujinga tunaufanya wenyewe. Nusu ya ukurasa wa kwanza tunajaza jina la baba, jina la mama, mkoa wa asili, teritwari, grupuma, ameoa, ana watoto wangapi. Tulizoea hivyo Kongo. Lakini mwenye ghala hakuulizi grupuma yako ili uhesabu mifuko. Halafu sisi tunajua vizuri, kuliko mtu yeyote, kwamba kwenye nchi zetu mtu akishasoma mahali pa asili ameshapiga hesabu ya kabila. Juu ya nini umpelekee hesabu hiyo mkononi? Jina, simu inayofanya kazi, mahali unapoishi sasa. Inatosha.

Diploma nayo. Mtu anaandika "D6, asilimia 57" akidhani kila mtu anaelewa. Rwanda wanaongea A2. Mwenye cheti cha sekondari cha nje aombe ulinganisho kule NESA, na wakati anasubiri aandike kwa maneno ya kawaida kwamba amemaliza sekondari, mwaka gani, mchepuo gani. Na ukiona tangazo limeandikwa kwa Kiingereza, usipeleke CV ya Kifaransa. Tulisoma kwa Kifaransa, sawa, lakini shule za Rwanda zilianza kuhamia Kiingereza tangu 2008, na hao waliosoma hivyo ndo wamekaa sasa kwenye viti vya ofisi.

Lugha ndo mali yetu na tunaiandika mwisho kabisa, kama tunaiandika. CV sita kati ya zile kumi na nne hazikutaja Kiswahili! Kwa sababu eti kila mtu anakijua. Kila mtu wa kwetu, ndiyo. Rwanda imekifanya lugha rasmi tangu 2017, na Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kutoka Bugarama ukivuka uko Kamanyola. Mfanyabiashara wa hapa mpakani anahitaji mtu wa kuongea na mteja wa ng'ambo, na mtu huyo ni wewe.

Tafsiri kazi ya kambi iwe kazi ya huku nje. Sekta yetu ya Muganza iko na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, bonde la Bugarama linatoa mpunga, na kuna maduka ya jumla. Mahali pote hapo kuna vitu vya kuhesabu, kupima na kuandika. Wewe uliyesimamia ugawaji wa chakula ulihesabu, ukapima, ukasainisha, ukajibu maswali kilo zilipopungua. Kazi hiyo ina jina: utunzaji wa ghala. Liandike, na uandike ulihudumia familia ngapi kwa siku. Usiongeze hata moja. Wakikuuliza kwenye intavyuu na jasho likakutoka, imeisha.

Kuna wanaotushauri tufiche kwamba ni wakimbizi. Tunakataa. Mkimbizi aliyetambuliwa Rwanda anaruhusiwa kufanya kazi, na mwaka 2016 kule New York nchi hii iliahidi mbele ya dunia kutufungulia mlango wa ajira. Waajiri wengi wanaogopa tu kuvunja sheria. Weka mstari mmoja: "Nina kitambulisho cha mkimbizi, naruhusiwa kufanya kazi." Umemtoa woga kabla hajauliza.

Tunasikia tayari majibu: kazi ni kujuana, CV ni mapambo. Kujuana kupo, hatuwezi kubisha. Lakini hata mjomba anayekujua akiingia kwa bosi wake mikono mitupu, atasema nini? "Kuna kijana mzuri"? Vijana wazuri ni wengi. Mpe karatasi aiweke mezani.

Jumamosi saa nane mchana tuko mahali petu pa kawaida. Njoo na CV yako ya zamani na kalamu, flashi ya dukani iache nyumbani. Tutaulizana wawili wawili: ulifanya nini, kwa nani, mara ngapi. Barua ya kulidai lile shirika karatasi ya dada yetu tumeshaiandika, na waliotumika kule wakanyimwa wako tisa mpaka sasa. Kama na wewe umo, njoo utie saini, Jumatatu tunaipeleka.