Ndoto Si Amri: Kilichonipeleka Kwenye Karate Nikiwa na Miaka 53



Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata baada ya Swala ya Alfajiri hapa Dodoma. "Ustadhi, nimeota naambiwa niache kazi nikafanye biashara Dar. Niende?" Nikamjibu: ndoto si amri. Kisha nikaona ni haki niwaeleze na yangu.

Miaka miwili nyuma nilimwota marehemu baba amesimama uani kwetu Kondoa, ananifunga kitambaa kiunoni, anakikaza, hasemi neno. Niliamka kabla ya adhana nikiwa na furaha nisiyoielewa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Allah, huzuni anayoileta shetani, na yale mtu anayojisemea moyoni. Yangu ni ipi? Siku zile mwanangu wa mwisho alikuwa ananiomba ruhusa ya kujifunza karate. Huenda ni hilo tu lililonirudia usingizini. Nabii Ibrahim (a.s.) aliifuata ndoto yake kwa sababu ndoto za Manabii ni wahyi. Zetu hazihalalishi wala haziharamishi kitu. Basi nikaiacha ndoto, nikaiuliza dini.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipigana mieleka na Rukana akamwangusha. Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (r.a.) akawatazama. Karate nayo si ngeni nchini. Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha Goju-Ryu Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Kilichonitatiza ni kuinama, maana rukuu ni ya Allah peke yake. Nikamweleza mwalimu. Akasema, "Sheikh, weka mkono kifuani, inatosha." Nikamwandikisha mwanangu, na mimi nikajiandikisha. Mkanda mweupe, ndevu nyeupe. Watoto walicheka!

Sasa nikiri jambo. Kwa miaka mingi nilifundisha madrasa fimbo ikiwa mkononi. Mtoto akikosea herufi, anachapwa. Niliita malezi. Huyu mwalimu wa karate, kijana wa miaka kama 30, anaweza kumwangusha yeyote pale. Lakini mtoto akikosea mara kumi, anainama mara kumi, anamweka mguu sawa kwa mkono wake.

Jioni moja tulipokuwa tunapambana kwa mazoezi, kijana wa miaka 17 alinipata mbavuni. Damu ikanipanda, nikampiga usoni, jambo ambalo tumekatazwa. Mwalimu akatusimamisha. "Sheikh, kaa pembeni. Mwenye hasira hapigani hapa."

Nilikaa chini, mwanangu ananitazama. Nikaikumbuka ile Hadithi niliyoisoma mimbarini mara nyingi mno: mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Kumbe miaka yote nilikuwa nawasomea wengine.

Kesho yake niliiondoa fimbo madrasa. Kisha nikaenda nyumbani kwa mtoto mmoja niliyemchapa mpaka akaacha kuja. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Amenisamehe. Madrasa hajarudi mpaka leo.

Ndugu yangu, ukiota jema, mshukuru Allah, umwambie anayekupenda. Ukiota baya, jikinge kwa Allah na shari yake, tema mate kidogo kushotoni mara tatu, geuka ubavu mwingine, usimsimulie mtu. Lakini kabla hujaacha kazi, hujaoa wala hujamtuhumu jirani kwa sababu ya ndoto, pima kwa Qur'an na Sunna, uliza wenye elimu, swali Istikhara. Na wewe mwenzangu mwalimu wa madrasa, jiulize unapoinua fimbo: unamfundisha mtoto, au unaishibisha hasira yako?

Ile ndoto mpaka leo sijui tafsiri yake, na sidai kuijua. Wallahu a'lam.

Mniombee dua, na mumwombee yule mtoto arudi kusoma. Wabillahi tawfiq.