Nyumba ya Kona, Barabara ya Uhuru

Kila Mkenya anayebahatika kufika Riga hurudi na picha ileile. Amesimama mbele ya Nyumba ya Vichwa Vyeusi, koti la kuazima limefungwa hadi kidevuni, na chini ya picha ameandika kwamba mji huu ni ndoto, ati huko wakati umesimama. Mimi pia ninayo. Niliipiga nilipofika kwa basi kutoka Tallinn, mwendo wa kama saa nne na nusu, baada ya warsha ya waandishi iliyonilipia nauli. Leo nataka kubishana na picha yangu mwenyewe.

Wakati haujawahi kusimama Riga. Nyumba hiyo tunayoiposti ilitajwa mara ya kwanza mwaka 1334. Kwa karne nyingi ilikuwa ya chama cha wafanyabiashara makapera, wengi wao Wajerumani, ambao msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Maurice, askari Mwafrika. Ndiyo maana kichwa cha mtu mweusi kiko kwenye nembo yao. (Mtalii mmoja aliniomba nisimame chini ya kichwa hicho anipige picha. Nilikataa.) Mwaka 1941 nyumba iliteketea kwa mashambulizi ya Wajerumani. Mwaka 1948 Wasovieti wakabomoa magofu. Walatvia walipopata tena uhuru wao, waliijenga upya kuanzia 1995 hadi 1999. Kwa hivyo unachokiona ni jengo la juzi, na hakuna aliyekuficha. Ni jibu waliwapa wale waliobomoa: mlitoa, tumerudisha.

Lakini jibu hilo ni nusu tu, na ndiyo nusu tunayopenda sisi watalii. Nusu ya pili haina mapambo. Toka mji wa kale, pita Mnara wa Uhuru uliosimamishwa mwaka 1935, ufuate barabara iitwayo Brīvības. Brīvība maana yake uhuru. Enzi za Wasovieti barabara hiyo iliitwa kwa jina la Lenin. Ukifika inapokutana na mtaa wa Stabu utaona jengo zuri la mwaka 1912, lililojengwa liwe nyumba za kupanga. Wenyeji huliita Nyumba ya Kona. Polisi wa siri wa Kisovieti waliingia humo mwaka 1940, wakaondoka Wanazi walipoiteka nchi, wakarudi 1944 na kukaa hadi 1991.

Mwaka 2014 Riga ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Serikali nyingine ingepaka rangi na kuficha takataka chini ya zulia. Wao walifungua mlango wa Nyumba ya Kona, mgeni akaweza kushuka hadi kwenye seli. Nilishuka. Nilisimama katika chumba ambamo watu walipigwa risasi mwaka 1941, nikakosa la kuandika chini ya picha, kwa sababu sikupiga picha.

Nilichofikiria ni pasipoti iliyokuwa mfukoni mwangu.

Pasipoti hiyo niliichukua Nyayo House. Unaijua. Nayo iko kona, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Nyumba ya kona, barabara ya uhuru. Chini ya ofisi tunazopangia foleni kuna seli ambamo, miaka ya 1980, Wakenya walioshukiwa kuwa wa Mwakenya walipigwa, wakanyimwa chakula, wakafungiwa kwenye maji. Haya si porojo za vijiweni. Mahakama zetu wenyewe zimeamuru baadhi yao walipwe fidia. Mwaka 2003 serikali mpya ilifungua mlango, watu wakaingia wakaona, tukaahidiwa makumbusho. Makumbusho hayo yako wapi?

Mjomba wangu alikaa humo siku ambazo hajawahi kutuhesabia. Nilipokwenda kuchukua pasipoti alinisindikiza hadi upande wa pili wa Uhuru Highway, akasimama. "Enda, mwanangu. Mimi nitakungoja hapa." Nilidhani ni miguu. Ilinibidi nisafiri hadi Baltiki, nilipe kiingilio na kuongozwa na binti wa Kilatvia wa rika langu, ndipo nielewe kwa nini mzee alikataa kuvuka barabara. Hiyo ni aibu, na nusu yake ni yangu.

Najua nitakachoambiwa. Ati Walatvia wana bahati, aliyewatesa alikuwa mgeni. Ni rahisi kuonyesha damu iliyomwagwa na jirani. Sisi waliotutesa ni wazee wetu, tunakutana nao harusini. Kwanza, si kweli. Mwishoni mwa mwaka 2018 Latvia iliweka mtandaoni kadi za mawakala wa KGB, zile wanazoziita mifuko ya Cheka. Majina yalikuwa ya watu wao. Wapo waliosema jina langu liliandikwa bila mimi kujua, wapo walionyamaza. Na katika msitu wa Rumbula, nje kidogo ya Riga, ambako Wayahudi wapatao 25,000 waliuawa kwa siku mbili mwishoni mwa 1941, Wanazi walisaidiwa na Walatvia. Hilo halikuwa rahisi kwao kulisema, na wapo wasiopenda lisemwe hadi leo. Sisemi ni malaika. Nasema mlango uko wazi, na ugomvi wao unafanyika ndani ya nyumba. Sisi ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais mwaka 2013, kisha ikaachwa ipigwe vumbi.

Pili, nitaambiwa mimi ni nani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilinishinda, si mwanahistoria. Sawa. Lakini kozi niliyoiacha haikunipeleka hata siku moja chini ya Nyayo House, na ilikuwa umbali wa nauli ya matatu.

Kwa hivyo nendeni Riga. Pigeni picha zenu kwenye Vichwa Vyeusi, hakuna dhambi. Ila msiite ndoto mji ambao umejikaza hivyo kukaa macho, wakati sisi ndio tunaopita jengo letu kila asubuhi tukitazama simu.

Pasipoti yangu itakapoisha muda nitarudi foleni ileile. Nikifika mlangoni nitamuuliza askari ngazi za kushuka ziko upande gani. Akiniuliza mimi ni nani, nitamwambia ni mtalii, na kiingilio ninacho.